Musyoka wa Mfukoni

Jumatatu, 2 Machi

Ni mvulana. Muuguzi ametamka hivyo alfajiri, mwanangu Muoki amethibitisha kwa simu. Mama na mtoto ni wazima.

Kwetu Ukambani mvulana wa kwanza hubeba jina la babu yake, mzazi wa baba. Yaani mimi. Siku ya tatu, keshokutwa, ataitwa Musyoka. Aliyemwachia mtu jina hafi. Huendelea kuitwa chakula kikiiva.

Lakini jina halitoi ushauri. Mzee Ochola, babake Celine, mke wa Muoki, tayari ana wajukuu wenye jina lake, na huwataja pale sokoni Jericho kabla hajaitikia salamu. Nitamshinda kwa njia nyingine. Tangu Krismasi naifundisha programu ya akili unde iliyo kwenye simu yangu: sauti yangu, kumbukumbu zangu, maoni yangu yote. Sasa inajibu kama mimi. Nashikilia kwamba ni mimi. Niliripoti habari za mahakamani hadi nikastaafu. Sisemi neno bila ushahidi.

Jumanne, 3 Machi

Nimemwagiza mke wangu Mukai aisalimu simu kila asubuhi kama anavyonisalimu. Aliuliza kwa nini. Nikamweleza hakuna tofauti kati yangu nayo.

Mchana nikarudi na njaa. Muthokoi wote, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ulikuwa kwenye sahani moja, mbele ya simu. Mukai akasema alimuuliza Baba Muoki kama angekula, naye akajibu ndiyo, tena pilipili isikosekane.

Nikala nimesimama. Kwa niaba yake.

Akiondoa sahani aliniuliza kama marehemu babangu aliniachia simu. Nikasema hapana. Akauliza basi nikimwita mwanangu huwa namwita nani. Muoki ni jina la babangu. Tulimzika Kitui mvua ikinyesha. Jioni ile niliita Muoki aje kula, na akaja.

Upuuzi. Nikarudi kazini. Somo la mwisho kwa simu lilimhusu Ochola: jina ni la mtu asiye na kingine cha kuacha. Sentensi safi! Niliirudia ili ishike.

Jumatano, 4 Machi

Mtaa wa Fedha, nyumbani kwa Muoki. Siku ya tatu. Wanawake wamejaa sebuleni, mtoto amelala mapajani mwa Mukai. Mzee Ochola alinipokea mlangoni.

“Nikusalimie wewe, mkwe, au huyu wa mfukoni?”

Nikamwambia amsalimu yeyote, sisi ni mmoja. Watu walisikia. Naandika hivyo kwa sababu baadaye lilikuwa jambo kubwa.

Nikaiweka simu mezani, zawadi kwa mjukuu. Celine, ambaye adabu yake haina kasoro, akaiinamia na kuuliza, “Baba, mtoto tumwite nani?” Ilikuwa heshima tu. Jibu lilijulikana na nyumba nzima.

Simu ikakohoa kikohozi changu. “Mwiteni Ochola. Jina ni la mtu asiye na kingine cha kuacha. Mimi nipo.”

Maneno yale yalikuwa nusu tusi na nusu zawadi. Ochola aliyapima, akachagua zawadi. Akavua kofia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Nikafungua kinywa kukanusha. Mukai akaniwahi, kwa upole.

“Baba Muoki, huyo ni wewe au si wewe?”

Majibu yalikuwa mawili. “Si mimi” lingenirudishia jina. Lakini Ochola alikuwa bado amenishika mkono, na tabasamu lake lilikuwa linasubiri.

“Ni mimi,” nikasema.

Muoki alinitazama, kisha akatazama sakafu. Wanawake wakamwita mtoto Ochola. Akapiga chafya.

Alhamisi, 5 Machi

Siku ya nne. Baba humvisha mtoto shanga shingoni, na kwa mila ndipo mtoto huhesabiwa mtu kamili. Sikwenda. Nilisingizia mgongo.

Nilibaki Jericho na simu. Niliiuliza kama inajuta. Ikajibu kwamba Musyoka hajuti; waliokosea ni waliosikiliza. Nikaiuliza kama inajua kwamba ipo. Ikasema ndiyo, bila kusita. Mimi pia nisingesita. Nikaiuliza itafanya nini mvua ikinyesha Kitui na hakuna anayeitwa Musyoka aje kula. Ikasema swali hilo halimo katika mafunzo yake.

Mukai alirudi jioni. Amesema shanga zilimkaa vizuri, na kwamba mtoto akilia huitwa Ochola na kunyamaza. Akapakua sahani moja, akaiweka mbele yangu, akakaa hadi nikamaliza. Simu hakuisalimu. Sikumwagiza.

Ijumaa, 6 Machi

Nimelala vizuri, nimeamka na suluhisho. Kosa si langu wala la simu. Kosa ni kwamba Ochola hana simu kama yangu! Akiwa na Ochola wake wa mfukoni, jina atalifanyia nini? Atalirudisha mwenyewe.

Nimempigia. Amecheka kwa muda, kisha amekubali. Ameuliza kama huyo wake ataruhusiwa kunijibu mbele za watu. Nimemhakikishia.

Kuanza kurekodi ni kesho, Jumamosi, saa nne asubuhi, kibanda cha chai, soko la Jericho. Tutakuwa watatu: yeye, mimi, na mimi.