Tundu la Mwishoni mwa Gata

Jumatatu, 6 Machi
Dari ya chumba cha mtoto inavuja tena. Tone, tone, kisha bila aibu. Nimesukuma kitanda cha Kifungo hadi kikagusa mlango. Sasa naingia kiubavu kama mwizi. Kifungo ni mwanangu. Jina ni kwa ajili ya hiyo pua yake, mviringo kama kifungo cha shati. Ana kikohozi kidogo. Kidogo! Lakini wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwepo akakisikia. Akasema Jumamosi anarudi, na akikuta dari ina maji atamchukua mtoto akakae kwake mpaka mvua ziishe. Alisema kwa upole, ule upole wake wenye makali. Akaongeza kwamba Kifungo ni jina la jela. Nikamjibu basi atakitumikia humuhumu kwa mama yake.

Hatoki mtu hapa.

Jumanne, 7 Machi
Nimempigia mume wangu, yuko mbali kikazi. Mtandao unakatika, mvua inapiga bati, mtoto analia. Kasema paa ni zima, tatizo ni gata, ule mfereji wa bati unaopokea maji ukingoni mwa paa. Nipande, niangalie tundu la mwishoni, halafu zib... Kimya. Nikapiga tena. Tundu la mwishoni, zib... Kimya. Nusu neno linanitosha. Ziba! Usipoziba ufa utajenga ukuta, hata mtoto wa darasa la pili anajua.

Wifi ametuma ujumbe kwamba anamjua fundi mzuri. Simtaki. Fundi wa wifi ni jicho la wifi.

Jumatano, 8 Machi
Jua! Nimeazima ngazi kwa jirani. Kifungo nimemweka kwenye beseni kivulini, akanitazama kama msimamizi wa ujenzi. Ndani ya gata majani, matope, na mche wa nyanya umejiotea. Umenyooka vizuri! Nimeuacha. Kinachojitafutia maisha peke yake nakiheshimu.

Na mwishoni nikalikuta. Tundu la duara, kubwa kama mdomo wa kikombe, limekaa palepale juu ya bomba la ukutani! Nani alitoboa? Nimesokomeza nepi ya zamani ya Kifungo, kwa sababu nepi kazi yake ni kuzuia maji, kisha mfuko wa nailoni, kisha simenti juu. Jirani akauliza kutoka chini kama nina hakika na tundu hilo. Nikamwambia ngazi ni yake, gata ni langu.

Mgongo unauma. Moyo, hapana.

Alhamisi, 9 Machi
Rasharasha tangu asubuhi. Kwenye dari, hakuna hata tone! Gata limejaa maji, limetulia tuli. Bomba la ukutani lililozoea kupiga kelele, kimya kabisa. Kifungo kalala, na mimi nimelala pembeni yake mdomo wazi, mara ya kwanza tangu mvua zianze. Nimemtumia wifi ujumbe: aje, na miwani asisahau.

Jumamosi, 11 Machi
Wifi kaja. Mvua kubwa kaja nayo. Nilimwacha Kifungo sebuleni, nikampeleka wifi chumbani kwa mtoto, nikamwekea kiti katikati ili aone vizuri. Dari ilikuwa imefura kidogo. Nikadhani ni kivuli. Nilikuwa nimefika kwenye "utajenga ukuta" dari iliposhuka. Dari yenyewe, na maji yake, na majani. Wifi alibaki amekaa, kipande cha bodi kichwani kama kofia ya mahafali. Akaniita wifi. Nami nikamwita wifi. Mtu wa nje asingejua nani anamtukana nani.

Kisha akafunga sketi kiunoni, akapanda ngazi kwenye mvua ileile. Akabandua simenti, akaivuta nepi, akainyanyua kama bendera, akauliza hiki ni nini. Nikasema nepi. Akasema anaona kwamba ni nepi. Akachota matope, akang'oa nyanya yangu! Maji yakashuka bombani kwa mngurumo. Akampigia kaka yake, na safari hii mtandao ukakubali: mume wangu alisema ZIBUA, jamani, ZIBUA!

Silabi moja! Anayetaka kazi yake ifanywe atamke neno mpaka mwisho. Nimewaambia wote wawili.

Wifi amekunywa chai ya moto, sasa anakohoa yeye. Amesema mtoto abaki, alale chumbani kwangu. Lakini yeye mwenyewe atakaa hapa siku chache aone. Maji yakiingia tena ndani, Kifungo anaondoka naye. Nafasi ya mwisho. Nimemtandikia kitanda, kwa heshima zote.

Jumatatu, 13 Machi
Asubuhi wifi kanifundisha kwamba gata ni la kusafishwa kila mara: majani yatolewe kabla ya mvua, mwaka hadi mwaka. Mwaka hadi mwaka! Mimi, na mtoto mgongoni! Nikatafakari nikifua, nikapata dawa. Kisichokuwepo hakiwezi kuziba.

Wifi alipojilaza mchana, nikapanda na nyundo, nikang'oa misumari, nikalishusha gata lote. Liko uani, limelala kama nyoka aliyekufa. Paa linapumua! Mvua imeanza nikiwa bado kwenye ngazi. Ije! Maji yanamwagika moja kwa moja mbele ya mlango, na machache yamevuka kizingiti, yamefika hadi kwenye mkeka. Yatakauka.

Wifi ameamka. Ametazama juu, ametazama chini kwenye mkeka, akageuka. Nimemnyamazisha! Sasa yuko chumbani anakunja nguo za Kifungo, anazipanga kwenye begi lake, soksi na mwenzake. Hatimaye amejua kumsaidia mtu kazi.