Kaburi la Babu wa Pili

Wallahi, haya yote ni kweli, na hayana chumvi hata ya kuonjea uji. Majina tu ndiyo yaliyobadilishwa, kuwasitiri wenye aibu zao. Msimulizi wenu ameahidi mbele ya baraza zima hapa Chuno kwamba akikamatwa na neno moja la uongo, kahawa yote ya leo iko juu yake. Sasa sikilizeni.

Miaka michache baada ya Uhuru alikuwapo mtaani kwetu mtu, tumwite Chande. Kazi yake ilikuwa udalali, ingawa hakuwa dalali wa kitu maalumu. Aliuza kilichokuwapo, na kisichokuwapo alikiuza kwa bei ya juu zaidi, maana hakikumsumbua kukibeba. Mali yake mwenyewe ilikuwa koti la kijivu, kofia ya kudarizi, viatu vyeusi vya kung'aa na saa ya mkononi isiyotembea. Saa hiyo aliitazama kila mara, kwani mwenye haraka huaminiwa kuliko mwenye nafasi.

Siku moja alikuwa mgahawani karibu na soko, Land Rover ikasimama. Akashuka Mzungu mrefu, mwekundu kama kamba aliyechemshwa, akauliza kwa Kiswahili cha kitabuni kama kuna mlima unaouzwa. Watu waliangua kicheko. Chande hakucheka. Mtu akiuliza bei ya mlima humcheki, unamvutia kiti.

Mzungu huyo aliitwa Bwana Halvardi, mng'oa meno aliyestaafu huko kwao kwenye theluji. Alikuwa na nyumba yenye paa, kuta na bomba la maji. Akaiuza, ili aje huku kununua gofu lisilo na paa, alitengeneze kwa mikono yake, apande mawaridi, azeeke akitazama bonde. Sisi mtu akizeeka hurudi kwao. Wenzetu wakizeeka huenda kwa watu. Kwenye ofisi ya serikali alikwishaambiwa kwamba ardhi ya nchi hii haiuzwi, aandike maombi asubiri. Alisubiri mpaka chai ikapoa, akatoka.

Chande akamwambia kwamba serikali imesema kweli, ardhi haiuzwi kabisa. Ila nyumba ya babu wa mtu ni jambo jingine.

"Babu yako ana nyumba mlimani?" Mzungu aliuliza.

"Alikuwa nayo, bwana. Sasa amelala nyuma yake."

Hilo la kulala lilimtoka tu, kama mkono wa mpishi unavyochota bizari bila kuulizwa.

Gofu lilikuwapo kweli. Liko kupita Nanyamba, kwenye ukingo wa uwanda wa juu, pale nchi inapokatika ghafla na kuteremkia bonde la Ruvuma. Mjerumani alijenga, akaondoka, paa nalo likamfuata. Tangu hapo hakuna aliyelitamani, kwa sababu ya maji. Wanawake wa huko huteremka na ndoo alfajiri, na wanapomaliza kupanda jua limekwisha kukomaa. Jambo hilo Chande aliliacha nje ya mazungumzo, lisije likamchosha mgeni.

Akatangulia mwenyewe kwa lori la korosho. Nyuma ya gofu alipanga mawe kwa urefu wa mtu, akayapaka chokaa, akapachika kichwani sahani ya maua iliyopasuka, kama makaburi ya zamani ya Mikindani. Kisha akasimama mbali kidogo akalitazama hilo kaburi. Lilikuwa zuri kiasi kwamba alimwombea marehemu dua fupi.

Mzungu alipofika hakutazama nyufa. Alitazama bonde, akatokwa na machozi. Chande akatazama kaburi, naye yakamtoka. Ukawa msiba wa watu wawili, kila mmoja akilia kwa faida yake, na kabla machozi hayajakauka walikuwa wamekwisha kupatana bei.

Kikwazo kilikuwa kimoja. Bwana Halvardi alikuwa amesoma mahali kwamba watu wa huku huheshimu wafu wao, hivyo akakataa kuhamia jirani na babu wa mtu bila wazee kusoma hitima. Wali na nyama juu yake. Bahasha ya fedha ataikabidhi siku hiyo, pale kaburini. Chande akakubali, kwa sharti kwamba watu wawe wachache. Alikwishawapanga kichwani: mwalimu mmoja wa madrasa ya mbali na wazee wawili wasiosikia vizuri.

Lakini Mzungu hakujua uchache. Siku ya gulio alipanda juu ya boneti pale Nanyamba, akaitangaza hitima ya babu yake Chande kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mayowe ya wenye meno mabovu. Habari za wali huo zilifika Kitaya, kwao Chande, kabla hazijapoa, na Kitaya zikamkuta Mwaisha.

Mwaisha alikuwa mama wa ukoo ulio mtani wa ukoo wa Chande tangu mababu. Anayejua mila hahitaji zaidi. Asiyejua aambiwe: mtani ndiye anayechekesha msibani, na ndiye anayedai. Huziba njia, hulala kaburini, huwavua wafiwa kofia, mpaka apewe chake. Na mfiwa haruhusiwi kununa. Anayemnunia mtani amejitoa mwenyewe kwenye hesabu ya watu.

Siku ya hitima mlima ulijaa. Dua ikasomwa, wali ukaliwa, Bwana Halvardi akasimama na bahasha mkononi akaanza hotuba. Hapo Mwaisha akapita katikati ya watu, akajinyoosha juu ya kaburi, akajifunika kanga.

"Siondoki," alisema. "Huyu kazikwa kimya kimya, watani hatukuitwa. Kalazwa na nani? Leo nalala naye mimi."

Watu wakapiga vigelegele. Mzungu akauliza maana yake, akaelezwa, akafurahi, akatoa kamera.

Chande akainama kumbembeleza kwa sauti ya chini, kwamba mambo haya watayamaliza nyumbani. Mwaisha akamvuta sikio, akamnong'oneza:

"Babu yako nilimzibia njia mimi kule Kitaya, jeneza lisipite, nikapewa kuku. Huyu ni babu wa wapi, mtani? Mwenye babu wawili hulipa mara mbili. Au niwaambie wafukue, tuone kama alielekezwa kibla?"

Chande akaitazama bahasha. Ilikuwa karibu kiasi cha kuinusa. Akisema hakuna babu, bahasha inarudi mfukoni, na yeye anateremka mlima ule mbio, umma mzima nyuma yake. Akasema babu yupo. Akavua saa.

Mwaisha akaiweka sikioni, akatangaza kwamba huyu naye ni marehemu. Akataka viatu, vikatoka. Likatoka koti, ikatoka kofia, na kila kitu kilipotoka Chande alitabasamu, maana mila ni mila. Alipobaki na fulana na suruali, Mzungu, huku akilia tena, alimkabidhi bahasha mbele ya watu wote. Haikupata hata joto la kiganja chake. Mkono wa Mwaisha uliinuka toka kaburini kama wa marehemu mwenyewe, ukaichukua.

"Sasa kazikwa," alisema, akajikung'uta vumbi.

Chande akacheka. Kilikuwa kicheko kirefu kuliko vyote vilivyowahi kusikika kwenye ukingo ule, na ndani yake hamkuwa na furaha ya kujaza kisoda.

Na Mzungu? Mawaridi yake yalikufa kwa kiu. Akawa ananunua maji debe kwa debe, na wauzaji, msishangae, ni jamaa zake Mwaisha. Alizeeka pale pale, akiamini hakuna mgeni aliyewahi kupokewa vizuri kama yeye. Kila mwaka alituma Land Rover Chuno kumchukua Chande kwa hitima ya babu yake, na kila mwaka Chande alimkuta Mwaisha amekwisha kujilaza.

Baraza likacheka, isipokuwa Alawi, muuza kahawa. Alawi alikuwa akisuuza vikombe polepole.

"Mzee wangu, niulize jambo moja. Yule mama alinong'ona, tena sikioni mwa Chande. Wewe ulisikiaje?"

Msimulizi akajibu kwamba alisimama karibu.

"Karibu na sikio, au ndani yake?" Alawi akaweka kikombe chini. "Bibi yangu hakuitwa Mwaisha, lakini ile saa isiyotembea ninayo nyumbani. Kwa hiyo chagua, mtani. Ama umetunga, utulipie kahawa ulivyoapa. Ama hukutunga, na mimi nina deni la kudai, maana tangu bibi afariki hitima za babu yako hazijasomwa."

Baraza zima likageuka kuvitazama viatu vya msimulizi.

Msimulizi akakiri papo hapo kwamba habari yote ni uongo mtupu, mwanzo mpaka mwisho, akalipia kahawa ya watu wote na kashata juu yake, akaenda zake upesi, miguuni akiwa bado na viatu.