Springi Fupi za Kwenda Kigwa

Jumatatu, 5 Agosti 1974

Jumapili naenda Kigwa kumposa Koleta. Mjomba Raymundi atanisemea, maana kijana hajiposei mwenyewe. Tatizo ni Hilari. Naye anapeleka posa siku hiyohiyo, na mzee Anton, baba yake Koleta, amesema atatusikiliza wote wawili ndipo aamue. Hilari ana baiskeli. Mimi nina gari, Pijo niliyoachiwa na marehemu kaka. Nilijua nimeshaoa.

Leo nimemsikia Hilari pale Kanyenye akiwaambia watu kwamba Pijo ya Justus imenyanyuka kama kuku anayevuka maji. Walicheka wote, hadi mshona viatu ambaye viatu vyangu ndivyo vinavyomlisha. Nimeumia sana. Kwenye gazeti niliona gari la Dar limelala chini, tumbo linakaribia lami. Hilo ndilo gari la mtu anayeoa.

Jumanne, 6 Agosti

Nimekwenda mtaa wa Ng'ambo, kwa fundi Abbasi. Nikamwambia nataka kushusha gari. Akaniuliza limefika na treni gani. Kwa watu wa Tabora kushusha gari ni kuliteremsha kwenye behewa! Tulichukua muda kuelewana. Nikachuchumaa kumwonyesha. Akachuchumaa naye kwa adabu.

Alipoelewa akasema mambo ya springi ni kuchagua tu. Naweza kuagiza fupi kutoka Dar, zitafika Krismasi, hakusema ya mwaka gani. Naweza kuchukua za gari dogo alizonazo pale, ngumu, zitanilegeza meno. Au azikate hizihizi zangu kwa msumeno wa chuma. Nikamuuliza zipi bora. Akajibu zote bora. Ndiyo maana nampenda Abbasi, hamkatishi mtu tamaa.

Jumatano, 7 Agosti

Nimechagua kukata. Akatoa pete moja, yaani mzunguko mmoja wa chuma, kila springi. Sikuona tofauti. Nikamwambia aongeze. Akauliza kama barabara ya Kigwa naifahamu. Nikamwambia yeye akate, barabara aniachie mimi. Akakata. Nikamwambia nyuma aongeze tena kidogo, ndiko wazee watakakosimama kunipungia.

Gari limekaa! Vipande nimevitupia kwenye buti. Bi Swaumu, jirani yangu muuza vitumbua, amenipa pole. Alidhani nimeibiwa magurudumu.

Ijumaa, 9 Agosti

Mjomba Raymundi amekuja kuliona. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba huku anainama kuangalia nani yumo ndani mzito kiasi kile. Hamna mtu. Akanikumbusha kuwa barabara ya Kigwa ina tuta katikati. Nikamweleza kwamba huu ni wakati wa Ujamaa, kila mwenye cheo anatakiwa ajishushe, kwa nini gari lisijishushe? Akasema kujishusha ni kwa binadamu. Mjomba ana hoja nzuri, ila hajawahi kuendesha.

Jumapili, 11 Agosti

Siku mbaya.

Tuta lilianza kutukwangua mara tu mji ulipoisha. Ekzosi ilibaki njiani. Mjomba alishuka akatembea, suti yake ya misa begani, na kila nilipokwama alinipita akanisubiri mbele.

Tukafika kizuizi cha Kigwa. Kamanda wa mgambo anaitwa Shilinde. Akanipa mwangaluka, salamu ya asubuhi ya huku kwetu, vizuri tu, kisha akalizunguka gari. Siku hizi sukari haionekani madukani, na wapo wanaoipitisha vijijini kwa magendo. Akasema gari lililodidimia namna ile lina mzigo. Nikamwambia ni tupu. Akacheka kwa heshima, akaanza kung'oa viti.

Habari ikatangulia kijijini: gari la sukari limekuja. Akina mama wakaja na makopo. Mzee Anton mwenyewe akaja na bakuli, akanishika bega mbele ya Hilari aliyetangulia kwa baiskeli, akaniita mkwe. Mkwe! Hapo ndipo ningesema kweli. Mjomba alinikodolea macho niseme. Nikakohoa, nikasema mambo mazuri hayataki haraka.

Shilinde akafungua buti. Vipande vya springi.

Mzee Anton akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, sukari yao nimemuuzia nani. Nimezuiliwa ofisi ya tawi la chama hadi jioni kwa kosa la kuuza sukari ambayo haikuwapo. Kupitia dirishani nilimwona Hilari akinywa chai kavu, isiyo na sukari, kwa mzee Anton. Aliisifu, mnafiki yule. Koleta alipita nje, akanitazama, akaenda zake. Nampenda yule binti na nimemkosa. Kosa ni la Abbasi, angenikatalia ile pete ya mwisho.

Jumatano, 14 Agosti

Mjomba amerudi na treni kutoka Kigwa alikobaki kuniombea radhi. Ana habari ambayo siiamini. Koleta amemkataa Hilari! Amemwambia baba yake kwamba mtu anayesifu chai kavu atamdanganya maisha yote. Mzee Anton yuko tayari kunisikiliza Jumapili, mara moja ya mwisho, kwa sharti moja la Koleta. Nije kwa miguu.

Mjomba anasema maana yake ni wazi. Nipande treni, nishuke stesheni, nitembee mpaka kwao, wamwone Justus bila makorokoro. Akasema kama hili nalo litanishinda, yeye basi tena.

Nimetafakari mchana kutwa. Mjomba ni mtu mwema lakini yeye hawaelewi wanawake. Binti mwenye adabu hawezi kusema analotaka mbele ya wazazi, anasema kwa mafumbo. Kwa miguu. Gari langu lilikosa nini? Lilikosa miguu! Lilikuwa limekalia tumbo. Koleta ana akili, ndiyo maana nataka kumwoa.

Jumamosi, 17 Agosti

Abbasi alikuwa na springi ndefu za namna tatu. Nikachagua zilizotoka kwenye behewa bovu, alizinunua kama chuma chakavu. Nikamuuliza kama zitafaa. Akasema zote bora.

Gari limesimama. Naingia kwa kigoda. Mjomba nilimpitia ili tuende pamoja kesho, akalitazama kuanzia chini mpaka juu, akachukua kofia yake akaelekea stesheni bila kuniaga. Ana wivu wa kizee.

Kesho Koleta ataniona kabla sijafika.