Ombi la Kufungwa kwa Njia Panda ya Shamba la Mama Bertilla

Malangali, Sumbawanga
14 Novemba, 1994

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Mashindano ya Magari, ambaye pia ni shemeji yangu Ignasi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na kamba yako ya kupimia uwanja. Sisi hatujambo, isipokuwa bampa.

Naandika nikiwa na akili timamu, dereva namba saba, mwenye Land Rover niliyoinunua kwenye mnada wa shirika lililofungwa. Katika raundi mbili zilizopita nimegonga kichuguu kilekile. Dada yako Hellena, anayekaa kiti cha abiria na kunitajia kona, ametamka mbele ya watoto kwamba nikikigonga mara ya tatu, usukani anauchukua yeye. Fainali ni Jumapili. Utaona mwenyewe kwamba jambo hili haliwezi kusubiri.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Umeweka njia panda. Kushoto dereva anapita juu ya matuta ya mama Bertilla, yale ya mviringo ya kwetu Ufipa, yenye nyasi zilizofukiwa ndani. Kulia anazunguka kwa njia ya mikokoteni, laini kabisa ila ndefu. Kwenye kikao ulitueleza kwa furaha kwamba umepima ukaona njia zote mbili zinalingana: mwenye moyo anaokoa sekunde kumi na huenda akaacha springi shambani, mwenye kuhurumia springi anaacha sekunde kumi. Ukamalizia kwamba kila mtu achague mwenyewe. Shemeji, katikati ya njia hizo mbili kuna kichuguu. Ndiko anakofika mtu ambaye bado anatafakari.

2. Hukututayarisha. Mimi nimekuwa mtunza stoo wa chama cha ushirika miaka kumi na tisa. Sabuni ilikuwa ya aina moja, na siku nyingine haikuwepo kabisa, lakini hakuna aliyegonga kitu. Leo naingia dukani naulizwa nataka ipi kati ya saba, natoka bila sabuni. Kama nashindwa nikiwa nimesimama kwa miguu yangu, itakuwaje nikiwa gia ya tatu? Hellena hunipigia kelele kwamba nichague yoyote. Hayo nayo si maelekezo.

3. Mama Bertilla achunguzwe, kwa heshima zote. Kila mwaka mvua zikikaribia huita majirani wamsaidie kubomoa matuta apande ulezi, na huwapikia pombe. Mwaka huu hakuita mtu. Ametoa shamba bure kwa mashindano, na mbio zikiisha anamiminia kikombe cha togwa kila aliyepita kushoto. Mboje, yule mfugaji mwenye pikapu ya Datsun, hajawahi kupita kwingine. Amekwisha kubomoa karibu robo eka, ameshinda raundi zote mbili, na ameshiba. Waliopita kulia hawapewi hata maji. Mimi wa kichuguu napewa pole.

4. Hili ndilo linaloninyima raha. Ukiruhusu watu kuchagua njia leo, kesho dereva atachagua aanze saa ngapi. Keshokutwa atachagua kuzunguka kinyume, akutane na wenzake uso kwa uso. Nyumbani kwangu mambo yamekwisha kuanza: Emerensiana, mwenye miaka sita, juzi alisukuma sahani ya ugali akauliza kuna nini kingine. Mama yake naye, kama nilivyosema, anachagua madereva. Tukiendelea hivi mkoa mzima utakuja kusimama mbele ya kichuguu, Mkuu wa Mkoa akiwa mbele.

Kwa hiyo naomba njia ya kushoto ifungwe kwa miiba. Ikishindikana, Kamati impangie kila dereva njia yake kwa barua yenye muhuri, imfikie siku saba kabla ya mbio. Hilo nalo likiwa gumu, basi liwekwe benchi pale njia panda, dereva ashuke, akae, afikiri, na muda huo usihesabiwe. Kuhamisha kichuguu siombi, maana kilikuwepo kabla yetu sote.

Mfikishie mama mkwe shikamoo yangu, umwambie bampa si kosa la binti yake. Wasalimie mkeo Redempta na watoto, na wanakamati wote, hata yule mwenye bendera aliyecheka.

Wako katika undugu na katika mbio,
Cornelius, dereva namba 7

N.B. Barua imechelewa siku mbili. Nilitaka kuongeza vipimo sahihi, hivyo jana asubuhi tulikwenda uwanjani, mimi na daftari, Hellena kwenye usukani, kwa ajili ya vipimo tu. Tulipokaribia njia panda nilimwomba apunguze mwendo niandike. Hakupunguza. Alikata kushoto. Tuta la kwanza nilipiga kelele kwa woga. Kuanzia la tatu sijui zilikuwa kelele za nini, ila nilikuwa nacheka mpaka machozi, na daftari sijaliona tena. Tulirudia mara nne. Togwa ya mama Bertilla ni nzuri sana. Tafadhali usifunge kitu chochote, na yote niliyoandika hapo juu uyahesabu hayakuandikwa. Naomba tu urekebishe orodha ya Jumapili: dereva namba saba ni Hellena. Kiti cha abiria nimekichagua mwenyewe, shemeji, na wala sikufikiri.