Kuomba Risasi Zirudi Kutawanyika

Kibondo, Kigoma

Ndugu Watengenezaji wa mchezo wa Bonde la Moto,

Natumaini barua hii itawakuta wazima na hamjabanwa sana na kazi. Mimi ni karani niliye katika muda wa matazamio, katika ofisi ambayo naomba nisiitaje. Saa ya chakula cha mchana watumishi hucheza mchezo wenu wa kurushiana risasi, kwa simu zetu na kwa bando letu wenyewe. Hilo naomba lieleweke. Mpinzani wangu wa kila siku ni Mzee Venanti, mkuu wa kitengo. Ndiye pia atakayeandika, mwisho wa mwezi huu, kama nithibitishwe kazini au la.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Zamani risasi zenu zilitawanyika. Ulilenga kifua, ikapiga sikio au ikapita kabisa. Mshindi aliita ufundi, aliyeshindwa aliita bahati mbaya, na wote tulirudi mezani na heshima zetu. Nilishindwa na Mzee miezi mitano bila mtu kushuku.

2. Katika toleo jipya risasi inakwenda palepale ilipoelekezwa. Jumatatu nilimkuta Mzee amesimama katikati ya uwanja, anatafuta kitufe cha kubadili bunduki. Nililenga pembeni kidogo, kwa adabu. Risasi zote zikaingia ukutani kwenye tundu moja, na mchezo wenu ukalirudia tukio hilo polepole mbele ya ofisi nzima. Dada Maximilla wa masjala akauliza, "Mdogo wangu, huo ukuta umekukosea nini?" Mzee hakucheka. Alisema tu, "Kijana, unanionea huruma?"

3. Jumanne, ili kuondoa dhana hiyo, nilimpiga. Nilimpiga mara sita. Akasema, "Safi sana," akaweka simu mfukoni, kisha akaniuliza kama nimewahi kufika Busunzu, maana huko wanahitaji karani. Sina ubaya na Busunzu, shangazi yangu analima huko. Lakini mtu hapelekwi kwa shangazi yake kwa sauti ile.

4. Fundi wetu wa simu, Cadet, anawatetea. Anasema, "Mchezo wa haki ndio huu, mdogo. Ukikosa, unajua ni wewe." Ndugu zangu, hiyo ndiyo hofu yangu. Nani ofisini aliwahi kutaka ijulikane kwamba ni yeye? Barua ya Kakonko ikifika Kasulu tunasema ni mambo ya usafiri. Faili lisipoonekana tunasema ni mtandao. Wananchi wakizoea kitu kinachokwenda kinakoelekezwa, hata kama ni risasi ya kwenye simu, kesho watataka na maombi yao yaende hivyo, na sijui tutawajibu nini.

Kwa hiyo naomba mturudishie mtawanyiko. Ikishindikana kwa wachezaji wote, basi kwa walio katika matazamio tu. Hilo nalo likiwa gumu, risasi ipinde kidogo inapomkaribia mtu mwenye cheo cha mkuu wa kitengo na kuendelea.

Wasalimieni wote hapo kazini, wanaochora bunduki na hasa yule anayechora nyasi. Nyasi zake ni nzuri sana, nimejificha humo mara nyingi.

Ni mimi, ninayeomba bila kumlaumu mtu,
Irakoze Fidele
Karani (bado)

N.B. Kabla sijaituma barua hii, mchezo umejisasisha wenyewe leo asubuhi na risasi zimerudi kutawanyika. Nawashukuru. Mchana nilimwona Mzee kwa mbali, nikalenga mawingu, nikafyatua. Risasi moja ikatawanyika hadi kichwani kwake. Amewaambia wote kwamba hajawahi kuona mtu anayemkusudia namna hii. Tafadhali rudisheni ile iliyonyooka, tena kabla ya kesho saa saba. Mtu anayetaka kukosa anahitaji bunduki anayoweza kuitegemea.