Mkahawa Uliokubali Hapana Yangu ya Kwanza

Halvard, Minnesota
Jumatatu

Kwako Mhariri wa Gazeti la Halvard,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba theluji imekuachia angalau mlango mmoja. Mimi ni Orrin Tveit wa Barabara ya Kinu, mume wa marehemu Lavonne, yule aliyekuwa akipiga kinanda kanisani. Sijawahi kuliandikia gazeti lako ila kushukuru kwa tangazo la msiba.

Mwezi uliopita uliandika kwamba baga ya mkahawa wa Ng'ombe Mwekundu "itabadilisha maisha yako." Maisha yangu yalikwisha kubadilishwa mwezi wa tisa, na sikuwa na haja ya kuongezewa. Lakini binti yangu Karla, anayeishi Minneapolis, alinipigia simu: "Baba, unakula supu ya kopo umesimama kwenye sinki. Usibishe, nakujua. Nenda ukale nje kama watu, la sivyo nakuja na gari kukuhamishia kwangu." Kwa Karla kuna ngazi nyingi, na paka anayelala juu ya wageni. Nikavaa koti, nikaenda.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Baga yenyewe. Ni ndefu kuliko mdomo wa binadamu. Imechomwa kisu katikati kama mtu aliyeuawa, kisha ikalazwa juu ya kipande cha ubao. Sahani hawana. Jibini imefungiwa ndani ya nyama, kama tunavyopenda huku kwetu, ila hakuna aliyenionya kwamba bado inachemka. Lavonne alikuwa akiitoboa yangu kwa uma na kusema, "Ngoja, iache ipumue kwanza." Sikuwahi kujua kwamba hiyo ilikuwa kazi. Nimeungua ulimi.

2. Muziki. Ilinibidi niombee chakula kwa kupaza sauti, na watu wa meza ya jirani wakaitikia "Amina."

3. Hapa ndipo penye uzito. Mhudumu, anayeitwa Shayla, ni mchangamfu na sina ugomvi naye. Nadhani ametoka California. Aliniuliza, "Mzee wangu, nikuletee na chipsi?" Nikasema hapana, asante, kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri. Akaenda zake! Mhariri, wewe ni mtu wa hapa. Unajua kwamba hapana ya kwanza ni salamu, ya pili ni adabu, na mtu akikaribishwa mara ya tatu ndipo anaposema, "Haya basi, kidogo tu, usijisumbue." Nilikaa pale na hapana yangu ya pili mdomoni, sina wa kumpa. Kahawa ilikwenda hivyo hivyo. Pai ya tufaha niliiona ikipita kwenda kwa wengine.

4. Kisha akarudi, akashika kiti kilichokuwa mbele yangu. "Kuna mtu anakaa hapa?" Nikasema, "Hapana." Akakibeba. Simlaumu, kulikuwa na kundi la wacheza hoki wamesimama. Lakini angeuliza tena, Mhariri. Mara moja tu zaidi, ningepata nafasi ya kufikiri jibu.

5. Shemeji yangu Dwayne, kaka yake Lavonne, alikuwa kaunta na aliyaona yote. Badala ya kunisaidia akapiga kelele: "Orrin! Wewe hata mbinguni utalalamikia viti!" Watu wakacheka. Naomba gazeti limtaje kwa jina, hasa kwa kuwa mkononi alikuwa na chipsi.

Kutokana na hayo, naomba sifa zile zifutwe. Pia baraza la mji lipitishe sheria kwamba kila mhudumu aulize mara tatu, na kwa wagane mara nne. Na kwa kuwa hawataitii, mkahawa ufungwe kabisa, turudishiwe lile duka la mbegu lililokuwa pale, ambako hakuna aliyekukaribisha chochote na kila mtu aliridhika. Mwisho, naomba uniandikie cheti chenye mhuri kwamba Orrin Tveit alijaribu. Nitamtumia Karla, nami niachwe nyumbani kwangu kwa amani.

Nisalimie mkeo, mchungaji, mama wa posta, na yeyote atakayekuuliza habari zangu. Waambie si mbaya sana.

Wako kwa heshima,
Orrin Tveit

Tanbihi: Nilikuwa nimekwisha kufunga bahasha, nimeifungua. Jioni ile nilirudi nikilalamika kwa sauti ndani ya pikapu. Ndivyo tulivyokuwa, mimi na Lavonne. Kila tulipokula nje, tuliusema mkahawa tangu maegeshoni mpaka mlangoni kwetu: supu, mapazia, viatu vya mhudumu. Wakati mwingine tulizunguka ziwa lote ili tusimalize mapema. Sidhani kama tuliwahi kula mahali pazuri, na sikumbuki jioni hata moja mbaya. Dwayne anasema samaki wa pale Ng'ombe Mwekundu kila Ijumaa ni wabaya kuliko baga, na kwamba ana mengi ya kusema juu yao njiani kurudi. Nimemwambia anipitie. Kwa hiyo tafadhali usichapishe barua hii, wasije wakajirekebisha.