Yah: Rula Yenu, Benchi la Kantini na Mgogoro wa Mashariki ya Kati

Kwa Ndugu Mhariri,
Gazeti la Wanafunzi,
Chumba cha nyuma ya ukumbi wa mazoezi, mlango usiofungika.

Ndugu Mhariri,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Natumaini u mzima, na kwamba lile feni lenu linalopeperusha kurasa limepata fundi. Mimi si mzima sana, na sababu ni wewe.

Nasoma upimaji ardhi, mwaka wa pili, na naishi chumba cha kona, hosteli ya wavulana. Mwenzangu wa chumba anasoma uhasibu. Ni rafiki yangu tangu tukiwa na meno ya utoto, na chuo kizima kinamwita Pasi kwa sababu hupiga pasi hadi soksi. Zamani ningesema naishi naye. Siku hizi tunapakana. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Benchi. Dada mwandishi wenu alitukuta kantini tunakunywa chai yetu bila kumkosea mtu. Akasema mnaandika habari za mgogoro wa Israeli na Waarabu, na anataka sauti moja ya kila upande kabla ya saa nane. Tukamjibu kwa pamoja kwamba hatujui kitu. Akasema hiyo si shida, wanaojua wote wako kwenye mitihani. Basi aliyekaa kulia akafanywa wa Israeli, na aliyekaa kushoto akafanywa wa Waarabu. Mimi nilikaa kulia kwa kuwa upande wa kushoto wa benchi lile una msumari. Msumari huo, Ndugu Mhariri, ndio msimamo wangu wote wa kisiasa. Pasi yeye alikuwa ameukalia na alikuwa na haraka ya kumaliza mahojiano.

2. Rula. Najua gazeti lenu linajivunia mizani, na kwamba msaidizi wako hupima kila upande kwa rula ili asitokee mtu akalia. Nampongeza kwa mkono wake usiotetemeka. Lakini sentensi ya kwanza ya kila mmoja wetu ilikuwa "sijui". Msaidizi alipoona maneno yamezidi, akaanza kukata hapo hapo. Tukabaki na maoni, ujinga wetu ukatupwa kapuni. Hata hivyo safu yangu ikawa fupi kidogo kuliko ya Pasi, mkaijazia tangazo la kinyozi. Sasa watu wanaamini kinyozi yuko upande wangu. Maskini wa Mungu, nusu ya vichwa vya chuo hiki havimwendei tena!

3. Picha. Toleo lililofuata mlibadilisha picha zetu, sura yangu juu ya maneno yake na yake juu ya yangu. Kwa kuwa hamkusahihisha, ilinilazimu kutetea hoja za Pasi bombani, kwenye foleni ya chakula na hata nikiwa naoga, na watu wakanipigia makofi. Kusema kweli nilizitetea vizuri kuliko mwenyewe. Hilo halikumfurahisha.

4. Mpaka. Ndipo Pasi akanitania kuhusu kinyozi, nami nikamwambia yeye maneno yake hata hayakuhitaji kinyozi, yalishakatwa yakaisha. Yalikuwa maneno ya hovyo, nakiri. Akanuna, nami nikanuna, na anayejua kununa kuliko mwanafunzi wa upimaji hajazaliwa. Nikaazima tepu ya kupimia ya idara nikachora mpaka wa chaki katikati ya chumba, kitaalamu kabisa. Soketi ikawa kwangu, dirisha likawa kwake. Mguu mmoja wa kitanda changu ukaangukia kwake na hadi leo anauita uvamizi. Nguo zangu hazikauki, zinanuka kama mbwa aliyenyeshewa. Na Pasi, aliyekuwa akinyoosha soksi, anakwenda darasani na shati lenye mikunjo. Juzi nilimwona kwenye korido, kola imesimama upande mmoja, nikageuza uso. Iliniuma, jamani. Nisiseme uongo.

5. Ramani. Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Ninyi hamkungoja tupatane, mlikuja na kapu moja kwa moja. Mkamtuma mpiga picha, mkachapisha "Ramani ya Chumba Kilichogawanyika" isiyo na kipimio, na mshale wa kaskazini unaelekea vyooni. Birika letu la umeme, tulilonunua pamoja, mkaliweka upande wa Pasi. Birika bila soketi litachemsha nini? Wataalamu wenu wawili wakaeleza chanzo cha uhasama wetu tangu enzi za mababu. Babu yangu na babu yake walikuwa wakinyoana ndevu.

6. Pengo. Toleo la mwisho mliacha nafasi tupu katikati ya safu yangu na ya Pasi, upana wa kiganja. Nimeipima. Nafasi hiyo ni haki yangu ya kihistoria, kwa kuwa ndiyo ileile mliyomkodishia kinyozi.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote: nipewe pengo hilo lote, ramani irudiwe na mtu aliyewahi kuona ramani, birika lirejeshwe kwangu kwa tamko la ukurasa wa kwanza, na Pasi akitaka soketi aje kuomba mwenyewe, kwa mdomo wake. Hili la mwisho ndilo la muhimu kuliko yote, ila usimwambie.

Nisalimie dada mwandishi, msaidizi na rula yake, mpiga picha, na kinyozi ukimwona.

Ni mimi, mwenye soketi na nguo mbichi,
Msemaji asiyeombwa, Chumba cha Kona.

Nyongeza baada ya sahihi: Nimeileta barua hii kwa mkono na nimemkuta Pasi ofisini kwenu, shati kama karatasi iliyokunjamana, ameshika barua yake. Naye analidai pengo hilohilo. Kabla hatujashikana mashati, msaidizi wako akatueleza lilikuwa la nani. Ni la dada mmoja anayesoma famasia, ambaye kwao ni huko huko tunakokusemea. Alileta tangazo kuuliza kama kuna mtu yeyote mwenye njia ya kumpata shangazi yake, maana hapokei simu. Mkaliondoa kwa kuwa hamkupata la upande wa pili lenye urefu sawa.

Tukashusha barua zetu, wote wawili. Kisha Pasi akaniuliza, bila kunitazama, kama soketi ina nafasi. Nikamwambia birika ndilo linalotangulia.

Tumepima barua zetu mbili kwa rula yenu. Zitupe zote. Tangazo lake linaenea, na namba ya simu kwa herufi kubwa, na msilitafutie mwenzake. Chini yake pakibaki mstari mmoja, andikeni kwamba mimi na Pasi hatujui kitu. Safari hii msikate.